Diski Imenakiliwa, Picha Inakwamakwama: Kosa Liko Wapi?

Mwaka 2008 dada yangu aliolewa Tanga, na mpiga video akatukabidhi diski mbili za DVD ndani ya kasha lenye picha ya maharusi. Katika diski ya pili, baada ya ngoma kukolea, bibi yetu anaingia ukumbini na kanga yake mpya, anapita katikati ya watu huku akipunga mkono, anamfikia bi harusi na kumtunza. Ni dakika nne tu. Bibi amekwisha kufariki, na hatuna pengine tunapoweza kumwona akitembea.

Nilipoihamisha diski hiyo iwe faili ili ndugu wote waipate kwenye simu, rangi zilitoka vizuri na sauti ilitoka vizuri, ila mwendo wa bibi ulikuwa umeharibika. Alikwenda hatua akasita, hatua akasita, kama mtu anayevutwa kwa kamba.

Nikafanya yale ambayo wengi wetu hufanya. Niliongeza ubora wa picha. Faili ikawa kubwa mara tatu na bibi akaendelea kusita. Nilibadilisha programu. Niliazima kompyuta yenye nguvu kuliko yangu. Jioni nzima ikapita nikitibu mguu wakati linalouma ni jino.

Kabla ya kufika kwenye skrini, video ya diski hupita vituo vinne: diski yenyewe, draivu inayoisoma, programu inayoigeuza, na chombo kinachoionyesha. Kila kituo kina namna yake ya kuikwamisha picha, na dawa ya kimoja haitibu kingine. Ndiyo maana ushauri wa “jaribu programu hii” humfaa mmoja na kumchosha mwingine: wote wawili wanasema picha inakwama, lakini hawaumwi ugonjwa mmoja. Jambo la kwanza, basi, ni kujua kosa limeingilia kituo gani. Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi, ni kutenganisha kazi ya kusoma diski na kazi ya kuigeuza.

Dalili husema mengi

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, icheze faili mara mbili na uandike dakika na sekunde inapokwama. Ikikwama mahali palepale kila mara, kosa limo ndani ya faili. Ikikwama leo hapa na kesho pale, faili huenda ni nzima na chombo unachotazamia ndicho kinachoshindwa.

Kisha sikiliza sauti. Picha na sauti zikikatika pamoja, au vikitokea vipande vya miraba ya rangi, shuku usomaji wa diski. Sauti ikiendelea bila wasiwasi huku picha ikisitasita, shuku hesabu ya picha kwa sekunde au uwezo wa chombo. Na kama midomo na maneno vilianza pamoja vikaachana polepole kadiri shughuli inavyoendelea, hesabu ya muda ndani ya faili imevurugika.

Angalia pia kusita kunatokea lini. Kukiwa ni mwanzo hadi mwisho, na kunaonekana zaidi kamera inapogeuka au mtu anapopita mbele yake, diski haina hatia. Kosa ni la kugeuza. Kukitokea mara moja kila baada ya kipindi kirefu, chunguza maungio. DVD haiweki video yake katika faili moja. Ndani ya folda ya VIDEO_TS imegawanywa katika faili za VOB zisizozidi gigabaiti 1 kila moja. Harusi ya saa mbili inayojaza diski ya gigabaiti 4.7 hutumia wastani wa megabiti 5 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kila VOB hubeba kama dakika 27. Aliyezigeuza moja moja kisha akaziunganisha atapata mruko karibu kila nusu saa, kwa sababu VOB hukatwa kwa kufuata ukubwa wa faili, hata kama bwana harusi yuko katikati ya sentensi. Dawa yake ni kuipa programu diski nzima au folda nzima, ili iufuate mpangilio ulioandikwa na aliyeitengeneza DVD.

Diski na draivu yake

Diski nyingi za familia zetu zilichomwa kwenye kompyuta. Hazikupigwa chapa kiwandani. Tofauti hiyo ni kubwa. Diski ya kiwandani ina vishimo halisi vilivyobonyezwa kwenye plastiki, lakini ya kuchomwa hutegemea tabaka la rangi ya kikemikali ambalo mwanga wa leza uliliunguza. Rangi hiyo hufifia kwa joto, unyevu na jua. Diski iliyokaa miaka kumi na tano juu ya kabati karibu na dirisha, katika mji wa pwani, inaweza kuonekana safi machoni na bado ikawa imepoteza sehemu ya kumbukumbu zake.

DVD ina kinga yake. Data hupangwa katika vifungu vya kilobaiti 32, na kila kifungu hubeba hesabu za ziada za kurekebisha makosa. Mkwaruzo mdogo hurekebishwa bila mtazamaji kujua. Madhara yakizidi uwezo wa kinga, kifungu chote hupotea, na hapo tatizo hupanuka, kwa sababu DVD haihifadhi kila picha kikamilifu. Picha moja kamili hufuatwa na nyingine zinazoeleza tu kilichobadilika. Kwa DVD za mfumo wa PAL, ambao ndio wetu, kundi moja linaweza kufika picha 15. Ile ya kwanza ikiharibika, kundi zima huyumba, nayo ni zaidi ya nusu sekunde. Ndivyo doa dogo linavyozaa mruko unaoonekana na kila mtu sebuleni.

Hapa ndipo umuhimu wa kutenganisha kusoma na kugeuza unapoonekana. Ukiigeuza video moja kwa moja kutoka kwenye diski, draivu ikikutana na sehemu ngumu, programu nyingine huiruka kimyakimya na kuendelea. Unapata faili yenye pengo na hujui kama pengo ni la diski, la draivu au la programu. Ukiinakili diski yote kwanza iwe faili moja ya ISO, makosa ya kusoma yatajitokeza wakati huo huo wa kunakili. Baada ya hapo unaweza kugeuza mara kumi kwa mipangilio kumi bila kuisumbua diski tena.

Diski ikikataa, anza na mkono kabla ya programu. Ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa mistari iliyonyooka, kwa sababu mkwaruzo unaozunguka pamoja na njia ya data huidhuru kuliko unaoikata. Chunguza karatasi zenye majina ya maharusi zilizobandikwa juu: zikianza kujikunja, diski huzunguka bila mizani. Kisha ijaribu kwenye draivu nyingine, kwa sababu diski inayoikataa ya kwanza inaweza kusomeka vizuri kwenye ya pili. Programu ya ddrescue imetengenezwa kwa kazi hii hasa: huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huandika ramani ya zilizobaki, kisha huzirudia. Ukihamia draivu nyingine ukiwa na ramani ileile, inatafuta zilizopungua tu. Draivu mbili zenye udhaifu tofauti zinaweza kuokoa kwa pamoja diski ambayo kila moja peke yake ingeshindwa nayo.

VCD ina neno lake. Kabla DVD hazijashuka bei, sherehe nyingi na filamu nyingi za nyumbani Afrika Mashariki zilitoka kwa VCD, na video zake hukaa kwenye folda ya MPEGAV zikiwa na jina linaloishia na .DAT. Ili kubeba video zaidi, kila kisanduku cha data (sekta) cha VCD kiliongezwa kutoka baiti 2,048 za data ya kawaida hadi 2,324 za video, na nafasi hiyo ilipatikana kwa kuacha sehemu ya kinga ya makosa. Ndiyo sababu mkwaruzo ambao CD ya nyaraka ingeuvumilia huikwamisha VCD. Aidha, katika CD tabaka la data liko chini kidogo tu ya upande wa maandishi, tofauti na DVD ambayo data yake imelala katikati ya plastiki mbili. Aliyeandika jina la sherehe kwa kalamu yenye ncha kali anaweza kuwa ameidhuru VCD kuliko mtoto aliyeiburuza sakafuni.

Kuna pia desturi ya kunakili faili ya .DAT na kuibadilisha jina tu iwe .MPG. Jina limebadilika lakini ndani bado mna vichwa vya visanduku vya CD katikati ya video, na vicheza video vingine hujikwaa juu yake. Inafaa kuitoa video ndani ya visanduku hivyo kwa programu kama FFmpeg, ambayo inaweza kuihamisha bila kuikandamiza upya na bila kupunguza ubora wake.

Hesabu ya picha kwa sekunde

Turudi kwa bibi. ISO yake ilinakiliwa bila kosa hata moja. Sauti haikukatika. Kusita kulikuwepo mwanzo hadi mwisho. Dalili zote zilielekeza kwenye kugeuza, nami nilikuwa nimeng’ang’ania ubora na nguvu ya kompyuta.

Televisheni za Tanzania, Kenya na Uganda zilifuata mfumo wa PAL, wenye picha 25 kwa sekunde, zikiendana na umeme wetu wa mizunguko 50. Marekani na Kanada zilifuata NTSC, yenye picha 29.97 kwa sekunde, kwa umeme wa mizunguko 60. Programu nyingi za kugeuza video, hasa za simu, zimewekewa 30 tangu mwanzo. Ukizipa video ya picha 25, zinahitaji nyingine tano kila sekunde, na hazina pa kuzitoa ila kwa kurudia zilizopo. Basi baada ya kila picha tano za kweli huja moja ya kurudiwa. Kwa mtu aliyesimama hutagundua chochote. Mtu anayetembea atasita mara tano kila sekunde.

Kipimo chake ni rahisi. Fungua faili kwenye kicheza video cha VLC, isimamishe mahali penye mwendo, kisha bonyeza herufi E ili usogee picha moja moja. Hesabu. Ukikuta picha inayofanana kabisa na iliyotangulia kila baada ya tano, umemkamata mwizi. Nilipofanya hivyo kwa faili ya harusi, mguu wa bibi ulisogea mara tano, ukaganda, ukasogea mara tano, ukaganda. Kuongeza ubora kulinipa picha iliyorudiwa ikiwa safi zaidi, basi. Kanuni ni moja: idadi ya picha ya faili ifuate ya diski. Katika HandBrake, programu ya kugeuza video, sehemu ya idadi ya picha iwekwe kwenye chaguo la kufuata chanzo.

Kosa hilihili huwapata wanaochanganya diski za nyumbani na zilizotumwa na ndugu wa Marekani. Kazi ya PAL ikiingizwa kwenye mradi wa 29.97 hurudiwa picha. Ya NTSC ikiingizwa kwenye mradi wa 25 hupoteza karibu tano kila sekunde. Kila diski igeuzwe kwa hesabu yake kwanza. Kuziunganisha ni kazi nyingine, ya baadaye.

Filamu za sinema nazo zina kisa chao. Sinema hupigwa kwa picha 24. Kwenye DVD za PAL huharakishwa kidogo hadi 25, mwendo ukabaki laini na filamu ikawa fupi kwa asilimia 4. Kwenye za NTSC picha 24 hutandazwa kwa zamu zisizo sawa hadi zifike 29.97, na anayezigeuza bila kuurudisha mpangilio ule wa awali huubeba mtikisiko wake hadi kwenye faili. Filamu za kuuzwa, lakini, zina wenyewe na sheria ya hakimiliki inazilinda. Maelezo haya nimeyaandika kwa ajili ya diski zetu za familia, ambazo hakuna mwingine atakayezihifadhi.

Mkeka wa nusu mbili

Nilipoirudisha faili kwenye picha 25, kusita kuliisha. Hata hivyo, dada yangu aliitazama akasema haikuwa kama ilivyokuwa kwenye televisheni yetu ya zamani, na alikuwa na haki.

Kamera za zama zile hazikupiga picha 25 kamili. Zilipiga nusu-picha 50 kila sekunde: kwanza mistari ya nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea, halafu, baada ya moja ya hamsini ya sekunde, mistari ya katikati yake. Nusu mbili zikafumwa pamoja kama ukili wa mkeka. Televisheni ya chogo ilizionyesha kwa zamu, na jicho likaona mwendo wenye hatua 50 kwa sekunde. Skrini za leo huonyesha picha nzima kwa mkupuo, kwa hiyo nusu mbili za nyakati tofauti hugongana. Mkono unaopunga huota meno kama ya kitana pembezoni.

Ili kuondoa meno hayo, programu hufumua mkeka. Ufumuaji wa kawaida huchukua kila nusu mbili na kutoa picha moja, jumla 25. Meno huondoka, lakini nusu ya mwendo huondoka nayo. Ufumuaji mwingine, ambao HandBrake huuita Bob, huikamilisha kila nusu iwe picha yake na kutoa 50. Huo ndio uliorudisha mwendo wa bibi kama tulivyouona mwaka 2008. Kwa ngoma, vidumbaki na michezo ya mpira, tofauti ni dhahiri hata kwa asiyejua kilichofanyika. Ila kuna mtego: mipangilio mingi iliyoandaliwa ndani ya HandBrake huweka kikomo cha picha 30. Ukichagua Bob bila kuondoa kikomo hicho, kati ya kila picha tano zilizofumuliwa mbili hutupwa, na mkwamo unarudi kwa mlango wa nyuma.

Mkwamo mbaya kuliko yote huzaliwa nusu zikibadilishana zamu. Kamera za kanda ndogo za MiniDV, zilizotumiwa na wapiga video wengi wa harusi, huanza na mistari ya chini. Programu nyingi za kutengeneza DVD za PAL huanza na ya juu. Aliyeunganisha hizi mbili bila kuangalia alitengeneza diski ambayo kila kinachosogea hutetema: mbele, nyuma, mbele, nyuma. Anayeitazama huamini diski imeharibika, lakini data yote ipo salama. Imepangwa kinyume tu. Ukiiambia programu zamu sahihi ya nusu-picha wakati wa kufumua, mwendo hunyooka. Nimeona watu wakitupa diski za namna hii. Inauma, kwa sababu hilo ni kosa linalotibika kabisa.

Chombo kinachoonyesha

Kituo cha mwisho hulaumiwa kwanza, ingawa si kila mara chenye hatia. Kompyuta dhaifu haiharibu faili inapogeuza. Inachelewa tu kumaliza. Udhaifu wake huonekana wakati wa kucheza, hasa faili ikiwa imekandamizwa kwa H.265, kodeki ya mwaka 2013 ambayo vyombo vingi vya zamani havina sehemu maalumu ya kuifungua. Kwa video ya DVD, ambayo ni ya mistari 576 tu, H.264 ya mwaka 2003 inatosha na hufunguka karibu kila mahali, hata kwenye runinga ya kawaida yenye tundu la flashi. VLC ina ukurasa wa takwimu unaoonyesha picha zilizopotea wakati wa kucheza. Hesabu hiyo ikipanda, chombo kinazidiwa. Ikibaki sifuri na mkwamo upo, rudi kwenye faili.

Kuna pia mtikisiko mdogo usio kosa la yeyote. Skrini nyingi za kompyuta na simu hujichora upya mara 60 kwa sekunde, na 60 haigawanyiki sawasawa kwa 25. Picha moja hukaa zamu mbili, nyingine tatu. Kabla ya kuihukumu faili, itazame kwenye runinga inayopokea mizunguko 50. Ikitulia pale, iache kama ilivyo.

Kazi ipangweje

Kwa hayo yote, utaratibu ninaoushikilia ni huu. Diski yote inakiliwe iwe ISO, na ISO ihifadhiwe mahali pawili. Flashi zenye mfumo wa FAT32 hazipokei faili inayozidi gigabaiti 4, kwa hiyo ziandaliwe kwa exFAT. Na diski 100 zilizojaa zinahitaji gigabaiti 470 tu, ambazo ni chini ya ujazo wa diski kuu moja ya nje ya gigabaiti 500. Ndipo dakika mbili zenye mwendo mwingi zigeuzwe kwa majaribio, zihesabiwe picha moja moja, zitazamwe kwenye vyombo viwili. Zikitulia, video nzima igeuzwe.

Wapo wanaosema ISO inakula nafasi na faili ndogo inatosha. Ninawaelewa, kwa maana diski kuu ni pesa. Lakini faili iliyogeuzwa hubeba makosa ya aliyeigeuza siku ile. Picha zilizotupwa hazirudi, na nusu mbili zilizochanganywa vibaya kisha zikakandamizwa ni vigumu mno kuzitenganisha. ISO hubeba kile ambacho mpiga video alikitoa, na humpa mtu nafasi ya kukosea kisha kurudia.

Mimi nilirudia mara nne. Faili ambayo ndugu zangu wanayo leo kwenye simu zao, bibi akipita katikati ya watu kwa mwendo wake mwenyewe, ni ya jaribio la nne. Mwaka jana niliirudisha diski yenyewe kwenye draivu ili niihakiki. Ilizunguka, ikalia kidogo, ikatolewa nje. Nimeijaribu kwenye draivu tatu na haisomeki tena.